Kufundisha taichi ya kupigana: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Kigoma

Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akibeba magunia Kibirizi, hapa Kigoma. Kwa miezi minane nilimfundisha mfuatano mzima wa mikao ya taichi, sanaa ya kupigana ya Kichina, akaujua kuliko wenzake wote: magoti yametulia, mabega yameshuka, pumzi haisikiki. Jioni moja akakunjwa shati na mtu aliyekuwa akimdai. Kesho yake alikuja uwanjani, akakaa pembeni, akaniambia, "Mwalimu, mikono ilikataa." Hakuumia sana. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana nilijua kosa si lake. Kwa miezi minane yote hakuna aliyewahi kumshika shati mbele yangu.

Tangu siku ile nimebadilisha mpangilio wangu wote wa kufundisha, na ndio ninaouandika hapa. Ni kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaijua taichi kwa mwili wake na anataka kuwafundisha wengine wajilinde nayo. Kama umeiona kwenye simu wiki iliyopita, tafuta kwanza mtu wa kukufundisha.

Waeleze wanajifunza nini

Vijana wengi watakuja na picha za filamu za Kichina walizotazama kwenye mabanda ya video, watu wakiruka juu ya mapaa. Kina mama watakuja kwa sababu wamesikia ni dawa ya magoti. Wote wape dakika tano za historia siku ya kwanza, uishie hapo.

Wachina wanaiita taijiquan, na hilo "quan" la mwisho maana yake ni ngumi. Inafuatiliwa hadi kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, katika ukoo wa Chen. Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17, ndiye anayetajwa kuwa chimbuko la mafunzo ya ukoo huo. Yang Luchan (1799–1872) alijifunzia huko, kisha akaenda kufundisha Beijing, ambako walimpa jina la Yang Asiyeshindwa. Mjukuu wake Yang Chengfu (1883–1936) ndiye aliyeeneza mtindo mpana, wa polepole, wenye mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ambao watu wengi leo wanadhani ndiyo taichi yote. Mwaka 1956 China ikatoa mfuatano mfupi wa mikao 24 kwa ajili ya mazoezi ya watu wote. Kwa hiyo ule upole unaoonekana bustanini ni tawi changa la mti mkongwe. Kule Chenjiagou bado wanafanya mfuatano wa pili uitwao ngumi za mizinga, wenye kuruka, kukanyaga ardhi na kupiga kwa kishindo.

Uwanja na makubaliano

Zungumza na mwenyekiti wa mtaa kabla hujakusanya watu. Kundi la vijana wanaosukumana alfajiri huzua maneno. Kwa aliye chini ya miaka 18, ongea na mzazi uso kwa uso. Kundi likishakua, afisa michezo wa manispaa atakueleza namna ya kusajili klabu.

Jua la kwetu linachelewa. Wakati Dar es Salaam watu wameshaanza kujikinga nalo, huku ziwa bado lina giza. Mimi naanza saa 12 na nusu asubuhi, mara tatu kwa wiki, na ikifika saa 2 kila mtu anakwenda kwenye kazi yake. Dakika 90 hizo nazigawa hivi: dakika 10 kupasha mwili, 10 kusimama, 20 mikao, 30 tuishou, yaani kusukumana mkiwa mmegusana mikono, na 20 za mwisho ni mashambulizi.

Mchanga wa ufukweni unavutia, na kwa kuanguka hakuna mahali pazuri zaidi. Ila usiufanye kuwa uwanja wako wa pekee. Mguu ukizama mchangani na kiuno kikageuka, kinachojipinda ni goti, na goti likishaharibika haliponi kwa kuchuliwa mafuta. Mizunguko yote ifundishe kwenye ardhi ngumu iliyofagiliwa, kisha ukifika wakati wa kuangushana ndipo mshuke ufukweni.

Makubaliano yangu na mwanafunzi ni mafupi. Mwenzako akikugonga mara mbili kuomba aachiwe, unaachia papo hapo. Ukianzisha ugomvi mtaani, huna nafasi kwangu. Na ukiweza kuondoka, unaondoka: sheria inamlinda anayejitetea kwa nguvu inayolingana na hatari, haimlindi anayeendelea kupiga mtu aliyekwisha kuanguka. Hilo nalirudia kila mwezi, kwa sababu kijana akishaonja nguvu mpya mikononi hutamani kuijaribu.

Hatua ya kwanza: kusimama huku ukiguswa

Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea bila kupita vidole vya miguu, mgongo umenyooka, mikono imezunguka mbele ya kifua kama anayekumbatia shina la mwembe. Anza na dakika 2, ongeza moja kila wiki mpaka zifike 10.

Hapa walimu wengi humwacha mwanafunzi peke yake na mapaja yake yanayotetemeka. Usimwache. Siku ileile ya kwanza mwekee kiganja begani, ongeza uzito taratibu kama anayeegemea mlango, na umuulize, "Nimekuegemea wapi?" Mwanzoni atajibu begani, na utaona anajikaza na kuegemea upande wako. Mwambie ailegeze ile sehemu mpaka uzito wako ushukie nyonga, paja, hadi kisigino. Akishaupata atajibu mwenyewe, "Nausikia chini." Rudia kwenye mkono, mgongoni, kwenye nyonga. Wanawake waombe ruhusa kabla ya kuwagusa, na wanaotaka kufanya wenyewe kwa wenyewe wapange hivyo bila maswali.

Wanafunzi wa Kigoma huelewa haraka hapa ukiwakumbusha kazi zao. Aliyewahi kuvuta mtumbwi kuupandisha nchi kavu anajua kwamba mikono ni kamba tu. Anayevuta ni nyayo na nyonga. Anayejaribu kuuvuta kwa misuli ya mikono huchoka chombo hakijatoka majini.

Hatua ya pili: mikao mitano, na kila mmoja una adui wake

Usianze na mikao 24, wala ule mfuatano mrefu wa 108. Chagua mitano na ukae nayo miezi mitatu. Yangu ni Kushika Mkia wa Ndege, Kupangusa Goti, Mikono ya Mawingu, Kumfukuza Nyani, na Kupangua na Kupiga Ngumi.

Fundisha polepole, na ueleze kwa nini polepole. Ukienda haraka, kasi inaficha makosa: pumzi iliyozuiwa, bega lililopanda, uzito uliobaki katikati ya miguu miwili ambapo mtoto anaweza kukuangusha. Polepole ni kioo. Akishajiona kwenye kioo, mkao huohuo aufanye kwa mwendo wa kawaida, kisha kwa kasi, kisha arudi polepole aangalie kilichoharibika.

Kwa kila mkao swali ni moja: nani amekushika, na amekushika wapi? Chukua Kupangusa Goti. Mkono mmoja unashuka na kupita mbele ya goti, mwingine unasukuma mbele kwa kiganja, na mguu unakanyaga hatua ndefu. Mwanafunzi anayeufanya hewani huona mapambo. Sasa mwite mwenzake ampige teke la chini, taratibu: mkono ule wa chini unalipangua teke pembeni, hatua inaingia nyuma ya mguu uliobaki ardhini, kiganja kinakuta kifua. Mtu anakaa chini. Huo ni mtama ambao kila mtoto wa mtaani anaujua, isipokuwa huku kiuno ndicho kinachoupiga. Baada ya kuangushwa mara moja namna hiyo, hakuna atakayepangusa goti tena kama anayefukuza nzi.

Mikono ya Mawingu ni kuzipokea ngumi za juu na kuzipitisha pembeni kwa kugeuza kiuno. Kumfukuza Nyani ni kurudi nyuma huku ukipiga, jambo ambalo wengi hawalijui: mkono ulioshikwa unajinasua kwa kurudi kiunoni, na papo hapo mwingine unakwenda usoni kwake. Kushika Mkia wa Ndege nimeuacha mwisho kwa sababu ndani yake mna nguvu nne ambazo tuishou yote imesimama juu yake.

Ya kwanza Wachina wanaiita peng: mkono unatuna kama mpira uliojaa upepo, ukiubonyeza unabonyea kidogo lakini haukunjiki. Ya pili ni lu: unampisha mtu na kumwongoza apite pale alipotaka kwenda, ila zaidi ya alivyotaka. Ya tatu, ji, ni kumbana kwa mikono miwili iliyoungana. Ya nne, an, ni kusukuma kwa viganja, nguvu ikitoka chini. Zipo nyingine nne, za kunyakua, kupasua, kiwiko na bega, lakini ziache mpaka hizi zikomae.

Kabla ya kusukumana, jifunzeni kuanguka

Wiki mbili zinatosha kuanzia. Anza wakiwa wamechuchumaa juu ya mchanga: kidevu kifuani, mgongo mviringo, kuviringika kutoka tako moja hadi bega la upande wa pili. Asiweke kiganja nyuma kujizuia, kifundo kitavunjika. Asiyejua kuanguka atajikaza kila akiguswa, kwa woga tu, na hatajifunza lolote.

Tuishou

Tuishou ni mazoezi ya kusukumana mkiwa mmegusana mikono. Kama utachukua sehemu moja tu ya mwongozo huu, chukua hii. Mwanafunzi mwenye mikao miwili na tuishou ya mwaka mzima atajilinda vizuri kuliko mwenye mikao 108 asiyewahi kusukumwa.

Mwezi wa kwanza ni mkono mmoja. Wawili wanasimama mguu wa kulia mbele, migongo ya vifundo imegusana. Mmoja anasukuma kuelekea kifua cha mwenzake, mwingine anapokea, anageuza kiuno, anapitisha, kisha naye anasukuma. Duara linazunguka. Asitumie nguvu kuliko inayohitajika kumshika kifaranga. Watakaosumbuka zaidi ni wenye misuli, maana wamezoea kushinda kwayo. Waambie wafumbe macho. Huo mkono mmoja ukiwa ndio habari pekee waliyo nayo, mabega hushuka yenyewe.

Mwezi wa pili na wa tatu ni mikono miwili, kwa mzunguko wa zile nguvu nne. Mmoja anabana, mwenzake anatuna, anasukuma, anapishwa. Lifanyeni zoezi hili mpaka lichoshe, kisha mliendeleze.

Baada ya hapo waachie wasukumane kweli, miguu ikiwa imesimama palepale. Atakayeinua mguu amepoteza. Hairuhusiwi kushika nguo, kugusa shingo wala uso. Kila raundi dakika 2, kisha wabadilishane wenza, mwembamba na mnene, mwanamke na mwanamume, kila atakaye. Hapa ndipo msemo wa kale wa Wachina unapopata maana, kwamba nguvu ya wakia nne inaelekeza uzito wa ratili elfu. Nguvu ndogo haiinui uzito mkubwa. Gunia la kilo 100 likirushwa kwako hulikingi kwa kifua. Unapisha kidogo, unalipa mkono wa pembeni, linakwenda kuangukia kwingine. Kilichohitaji nguvu kubwa ni kulirusha, na hiyo kazi ameshakufanyia mwingine.

Hatua inayofuata ni tuishou ya kutembea, miguu ikiwa huru, halafu ile ya kukumbatiana kama wacheza mieleka, mkiruhusu mtama. Hii ya mwisho iwe mchangani.

Jambo moja linahitaji ujasiri wa mwalimu. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa. Mwanafunzi aliyekuamkia shikamoo dakika kumi zilizopita hatakusukuma kwa nguvu zake. Akikugusa atalegea, na ukimgusa ataruka nyuma hatua tatu ili kukupa heshima. Anafanya kwa nia njema, na nia hiyo njema inawaharibu nyote wawili. Wewe utaamini mikono yako ina miujiza, naye ataamini kuanguka ndiko kujifunza. Nimeona vikundi vikifa namna hii huku kila mtu akifurahi. Dawa yake ni kuwa wa kwanza kusukumwa kila siku ya mazoezi. Simama katikati, mwite mwenye nguvu kuliko wote, umwambie, "Heshima yangu leo ni wewe kuniondoa hapa." Akikuondoa, mwambie mbele ya wote alichokifanya vizuri. Baada ya wiki chache hata wale wapole wataanza kusukuma kikweli.

Kutoka kugusana hadi kushambuliwa

Tuishou huanza mkiwa mmeshagusana. Mtaani hakuna anayekupa kifundo chake kwanza. Umbali huo kati ya "bado hajanigusa" na "tumegusana" ndio unaowaangusha watu wa taichi, na ni lazima ufundishwe peke yake. Mwaka 2017 mjini Chengdu, China, mpiganaji Xu Xiaodong alipambana na mtu aliyejitambulisha kama mwalimu wa taichi, na pambano likaisha ndani ya nusu dakika. Nimeitazama ile video mara nyingi. Ninachokiona ni mikono iliyotangulia mbele ikingoja kuguswa, na ngumi zilizopita bila kuigusa.

Kwa hiyo fundisha kuingia. Ngumi ya kawaida ya mtaani ni ile ya kuzungusha ya mkono wa kulia. Mwanafunzi anainua mikono yote miwili kufunika kichwa, viwiko vikitangulia, kidevu chini, na anakanyaga hatua ndani badala ya kurudi. Ngumi inaishia kwenye mkono wake wa juu au inapita nyuma ya kichwa. Sasa wamegusana, na kuanzia hapo ni tuishou anayoijua: ananata, anageuza, anasukuma au anapiga mtama. Wiki ya kwanza mshambuliaji apige kwa robo ya nguvu na aseme anakuja na mkono upi. Baadaye kwa nusu, bila kusema. Baadaye robo tatu, akiwa na glavu, na aendelee kupiga ngumi ya pili na ya tatu. Mshambuliaji anayepiga ngumi moja kisha akagandisha mkono hewani hamsaidii mwenzake.

Kukunjwa shati nalifundisha kwa muda mrefu, nikimkumbuka yule kijana. Kosa la kwanza la kila mtu ni kupigana na mkono ulioshika shati. Uache ushike. Hatari ni mkono wa pili. Mkono mmoja ufunike kichwa, mwingine utue kwenye mkunjo wa kiwiko cha mshikaji na kutuna kwa peng, uzito ushuke nyayoni. Akisukuma, geuza kiuno umpishe. Akivuta, ingia naye, maana amekuita mwenyewe. Kwa vyovyote atahama mguu, na mguu unapokuwa hewani ndipo pa kumsukuma. Akianguka, ondoka. Sehemu ya kuondoka tunaifanya kwa vitendo: mwanafunzi anageuka na kukimbia mpaka kwenye mti niliouchagua, kila mara, bila kuruka hata mara moja. Yule mbeba magunia alirudi kwenye zoezi hili, na siku alipolifanya mara ishirini mfululizo bila mikono kukataa, tulipumzika mapema wote.

Roba ya nyuma ifanyeni taratibu tu. Kidevu kiingie kwenye mkunjo wa kiwiko cha mkabaji ili koo lipate nafasi, mikono yote miwili inyakue mkono wake kuelekea chini, uzito uzame, kisha kugeukia upande wa kile kiwiko. Anayekaba asibane kweli hata kwa kutania.

Kupiga

Waliowahi kutwanga hawapati shida. Mtwanga hodari mikono yake imelegea. Mchi unapanda, unashuka na uzito wa mwili mzima, na unakazwa pale tu unapogusa kinu. Ndivyo ngumi ya taichi inavyopiga. Mtundikie mwanafunzi gunia lililojaa vitambaa na apige akiwa umbali wa kiganja kimoja tu, ili asiweze kurusha mkono. Atalazimika kutafuta nguvu kwenye kisigino na kiuno. Mara 30 kila mkono zinatosha, na siku ambayo bega linauma, asipige.

Mapambano huru

Kabla ya mwezi wa kumi simruhusu mtu. Vifaa ni glavu za ngumi, kinga ya meno na kinga ya nyeti. Vilivyotumika vinafaa mradi havijapasuka, isipokuwa kinga ya meno, kila mtu na yake. Raundi tatu za dakika 2, mapumziko dakika 1. Kichwani ni robo ya nguvu tu. Aliyepigwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa au kutapika, anakwenda hospitali siku hiyohiyo, na harudi kwenye ngumi mpaka daktari aseme.

Waandae pia kwa jinsi itakavyoonekana. Januari 1954, huko Macau, Wu Gongyi wa taichi alipambana hadharani na Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe. Filamu yake ipo. Unaona watu wawili wakirushiana ngumi na mateke, pua ikitoka damu, majaji wakalisimamisha raundi ya pili bila kutangaza mshindi. Mwanafunzi wako naye hataonekana kama wingu linalopita. Atapumua kwa mdomo, mabega yatapanda, mikao yote mitano itamtoka kichwani. Usimpigie kelele akiwa ndani. Ngoja mapumziko, umuulize jambo moja tu: "Uzito wako ulikuwa wapi?" Raundi inayofuata atakuwa analitafuta jibu.

Ukiona amepigwa, akapumua, mabega yakashuka yenyewe na akaingia kugusa badala ya kukimbilia nyuma, mpe mwanafunzi mgeni wa wiki hiyo amsimamishe kama anayekumbatia mwembe, na amwekee kiganja begani.